Kilomita za Hiace ya dizeli: namba isiyo na mtunzaji

Katika ukanda wa Handeni na Korogwe, gari dogo la dizeli la kubeba abiria na mizigo ni mtaji wa familia nzima. Anayelinunua likiwa limetumika huangalia kwanza kilomita zinazosomeka kwenye dashibodi. Namba hiyo inatoka wapi, nani anaihakiki, na mnunuzi wa Masuguru anaweza kujilinda vipi?

Msimu wa mavuno ukienda vizuri, fedha za mahindi na machungwa huanza kutafuta mahali pa kukaa. Wengine hujenga, wengine hununua bodaboda, na wale waliounganisha nguvu, ndugu wawili watatu au kikundi cha kukopeshana, hufikiria gari. Mahali kama Masuguru, ambako mgonjwa, mwanafunzi na gunia la mahindi husubiri gari lilelile, chaguo la kwanza mara nyingi huwa Toyota Hiace ya dizeli. Inabeba, mafundi wanaijua, na vipuri vyake si vya kutafuta mbali.

Hiace mpya kabisa ni ya wachache. Inayonunuliwa ni iliyotumika: ama imeshushwa bandarini kutoka Japani, ama imeshafanya kazi miaka kadhaa hapa nchini na mwenyewe sasa anaiuza. Kwa vyovyote, mazungumzo hufika kwenye swali moja: imetembea kilomita ngapi? Dalali hujibu kwa kuwasha swichi na kuonyesha mita. Tuseme imesoma 148,000. Bei hujengwa juu ya namba hiyo, na pengine mkopo pia.

Lakini namba hiyo, gari likishaingia nchini na kupata usajili, haina mtunzaji. Ni maelezo ya muuzaji yaliyoandikwa kwa taa badala ya wino. Anayeichukua kuwa ushahidi ananunua gari kwa neno la mtu ambaye faida yake iko kwenye namba kuwa ndogo.

Mita inavyorudishwa nyuma

Magari ya zamani yalikuwa na odometa ya magurudumu madogo yenye tarakimu, yaliyozungushwa na waya kutoka kwenye gia boksi. Kuirudisha nyuma kulihitaji bisibisi na uvumilivu. Baadhi ya mita hizo zilikuwa na tarakimu tano tu za kilomita kamili, hivyo gari likivuka 99,999 lilianza upya kwenye sifuri bila mtu yeyote kuligusa. Na waya ukikatika, mita husimama wakati gari linaendelea na kazi. Si kila dereva ana haraka ya kuutengeneza, hasa kama mwenye gari huangalia mita ili ajue tripu ngapi zimefanyika siku hiyo.

Magari ya kizazi cha karibuni huhifadhi kilomita kielektroniki, ndani ya kifaa kidogo cha kumbukumbu kwenye dashibodi. Wengi walidhani hilo lingemaliza mchezo. Kinyume chake, kazi imekuwa nyepesi zaidi: fundi mwenye kompyuta na programu inayofaa anaweza kubadilisha namba kwa muda mfupi, wala haachi mkwaruzo. Njia nyingine ni kung'oa dashibodi yote na kuweka ya gari jingine lililotembea kidogo.

Ni haki kusema kwamba si kila namba isiyo sahihi ni ya wizi. Dashibodi huharibika na kubadilishwa kihalali. Anayeuza leo anaweza kuwa mmiliki wa tatu, naye alidanganywa na wa pili. Lakini kwa mnunuzi matokeo ni yaleyale: mkanda wa taimingi anaodhani una maisha marefu mbele yake unakaribia kukatika, na injini anayodhani iko katikati ya safari imefika ukingoni.

Miaka inahesabiwa, kilomita hazihesabiwi

Kwa nini udanganyifu huu una nafasi kubwa hivi? Sababu moja ni jinsi nchi zetu zilivyoamua kupima uchakavu wa gari. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka 8. Uganda, kwa marekebisho ya sheria ya mwaka 2018, ilizuia kuingizwa kwa magari yaliyozidi miaka 15 tangu yatengenezwe. Tanzania haijapiga marufuku kwa umri, ila hutoza ushuru wa uchakavu kwa magari yaliyovuka umri fulani, na kwa magari madogo ya kawaida mzigo huo huongezeka gari linapozidi kuzeeka.

Zote tatu zinapima kwa kalenda. Mwaka wa kutengenezwa una karatasi, una namba ya chesi ya kuuthibitisha, na kuna ofisi yenye sababu ya kuujali kwa kuwa unagusa mapato au ruhusa ya kuingia. Kadi ya gari inayotolewa na Mamlaka ya Mapato Tanzania, TRA, inaonyesha namba ya chesi, namba ya injini, mwaka wa kutengenezwa, ukubwa wa injini na aina ya mafuta. Haina mstari wa kilomita. Gari likiuzwa mara nne, umiliki utabadilishwa mara nne, na hakuna hata mara moja mfumo utakapouliza mita inasoma ngapi.

Shirika la Viwango Tanzania, TBS, lina jukumu la kuhakikisha magari yaliyotumika yanayoingia nchini yanafaa kwa barabara. Ukaguzi huo una maana kubwa kwa breki, usukani, taa na chesi. Lakini ni ukaguzi wa mlangoni. Baada ya hapo gari huingia kwenye maisha ya stendi, na maisha ya stendi ndiyo yanayolimaliza.

Umri na kilomita ni vitu viwili tofauti. Hiace iliyotengenezwa mwaka 2008 ikatumiwa na fundi bomba wa mji mdogo wa Japani inaweza kuwa imechoka kidogo kuliko ya mwaka 2014 iliyokuwa ikisambaza vifurushi kutwa. Mnunuzi anayeangalia mwaka peke yake anapata nusu ya habari, na nusu nyingine anaachiwa muuzaji.

Hesabu ya njia

Hata hivyo, mnunuzi wa huku ana silaha ambayo haihitaji kompyuta: anazijua njia. Kutoka Korogwe hadi Handeni ni kilomita 65 za lami. Gari linalokwenda na kurudi mara mbili kwa siku hutembea kilomita 260. Likifanya kazi siku 26 kwa mwezi, hiyo ni kilomita 6,760. Tulipe miezi miwili kwa mwaka ya kukaa gereji, mvua na misiba. Katika miezi 10 iliyobaki limetembea kilomita 67,600. Kwa miaka sita ni 405,600, mbali na zile lilizokuja nazo kutoka Japani.

Hata tukipunguza hadi safari moja tu ya kwenda na kurudi kwa siku, kwa siku na miezi ileile, tunapata kilomita 33,800 kwa mwaka na 202,800 kwa miaka sita. Kwa hiyo gari lililofanya kazi kwenye njia hiyo kwa muda wote huo haliwezi kuwa na kilomita 148,000, labda kama lilikuwa limesimama zaidi ya kutembea. Na kama lilisimama, swali linalofuata ni: liliumwa nini?

Ili hesabu hii ifanye kazi unahitaji kujua mambo mawili: gari limekuwa nchini muda gani, na limefanya kazi gani. La kwanza linaonekana kwenye namba ya usajili. Kila Mtanzania anajua kutofautisha gari la namba C, namba D na namba E, kwa sababu herufi hizo hutolewa kwa mfuatano. Herufi inakuambia gari liliingia takriban wakati gani. Kadi ya gari itakupa tarehe yenyewe ya kusajiliwa. Ukikuta gari la namba D za mwanzo lenye kilomita zinazofanana na za gari lililoshuka melini juzi, usianze kushangilia bahati yako.

La pili, kazi ya gari, huulizwa stendi. Makonda, wapiga debe na mafundi wa eneo gari lilikotoka hukumbuka magari kuliko karatasi. Lilikuwa la shule, la familia, la abiria, au lilikuwa likipeleka nyanya sokoni usiku? Leseni ya usafirishaji ya LATRA, mamlaka iliyochukua nafasi ya SUMATRA katika usafiri wa ardhini mwaka 2019, inaweza kukuonyesha gari lilipewa njia ipi na tangu lini. Muuzaji anayesema gari lilikuwa la nyumbani tu, huku mlango wa pembeni una alama za jina la njia zilizofutwa kwa rangi, amekujibu bila kukusudia.

Njia za vumbi zina hesabu yake. Kilomita moja ya kuelekea vijiji vya ndani vya Handeni au Kilindi wakati wa kiangazi haifanani na kilomita moja ya lami ya Segera hadi Korogwe. Vumbi huziba chujio la hewa, na likipenya husaga silinda kama msasa. Gari lenye kilomita nyingi za lami linaweza kuwa na injini nzima kuliko lenye kilomita chache za vumbi.

Kinachosomeka bila kujua Kijapani

Kwa gari lililofika karibuni kutoka Japani, ushahidi ni mwingi kuliko wanunuzi wengi wanavyofikiri. Japani kila gari hupita kwenye ukaguzi wa lazima unaoitwa shaken. Gari dogo la mizigo, na Hiace nyingi zinazokuja huku zilikuwa za mizigo kabla ya kuwekewa viti, hukaguliwa baada ya miaka miwili ya kwanza na kisha kila mwaka. Cheti cha ukaguzi huo huandikwa kilomita zilizosomeka siku hiyo. Gari linapofutwa usajili ili lisafirishwe nje hutolewa hati maalumu, na mara nyingi kilomita za ukaguzi uliopita huonekana humo. Mwagizaji anayo hati hiyo, au nakala yake, kwa kuwa bila hiyo asingeweza kulisajili gari hapa. Akisema haipo, muulize amelisajili kwa kutumia nini.

Magari mengi pia hupita minadani, ambako kila moja hupewa karatasi ya mnada yenye daraja la hali yake, michoro ya mikwaruzo na kilomita. Gari ambalo mita yake imebadilishwa au inatiliwa shaka huwekewa alama. Karatasi hiyo nayo inaweza kughushiwa, hivyo nakala iliyotumwa kwa simu na dalali isiwe mwisho wa safari. Zipo huduma za kulipia zinazotafuta karatasi halisi kwa namba ya chesi.

Kisha kuna stika. Gereji za Japani zina desturi ya kubandika stika ndogo kila zinapobadilisha oili au mkanda wa taimingi. Zitafute kwenye fremu ya mlango wa dereva na, kwa Hiace, chini ya viti vya mbele ambako injini hukaa. Maandishi ni ya Kijapani, lakini tarakimu ni hizihizi zetu. Ukiona 198,000 kwenye stika na 96,000 kwenye mita, huhitaji mkalimani. Miaka inaweza kuwa imeandikwa kwa kalenda yao: mwaka wa Heisei unajumlisha na 1988, kwa hiyo H18 ni 2006, mwaka wa Reiwa unajumlisha na 2018, kwa hiyo R2 ni 2020.

Mkanda wa taimingi wenyewe ni shahidi. Injini nyingi za dizeli za Toyota zilizofungwa kwenye Hiace, kuanzia 3L na 5L hadi 1KD na 2KD, hutumia mkanda, na kiwango cha kuubadilisha ambacho mafundi wengi hukifuata ni kilomita 100,000. Gari linaloonyesha kilomita 80,000 lakini mkanda wake umeshabadilishwa linadai maelezo. Pengine ulibadilishwa mapema kwa tahadhari. Pengine hizo si 80,000 za kwanza.

Mwili wa gari pia husema. Mpira wa pedali uliolika hadi chuma, usukani uliopoteza ngozi, kiti cha dereva kilichobonyea upande wa kuingilia, hivyo si dalili za kilomita 70,000. Kwa gari la abiria angalia zaidi mlango wa kuburuza: reli na magurudumu yake huchoka kwa idadi ya abiria walioshuka na kupanda. Dashibodi yenye skrubu zilizokwaruzwa, au kioo cha mita chenye alama za vidole upande wa ndani, ni sababu ya kuuliza nani aliifungua na kwa nini. Na kitu kipya kisichohitaji kuwa kipya, kama mipira ya pedali inayong'aa ndani ya gari lililochakaa, ni jambo la kutilia shaka kuliko chakavu lenyewe.

Dizeli haisemi kwa kilomita peke yake

Hapa kuna kosa jingine, la upande wa pili. Mnunuzi anayekimbia kila gari lenye kilomita 300,000 anaweza kuacha gari zuri na kuangukia bovu. Injini ya dizeli ya aina ya 5L, isiyo na tabo wala mfumo wa kielektroniki wa kusukuma mafuta, ikibadilishiwa oili kwa wakati na isipochemshwa, huvuka kilomita hizo na kuendelea. Injini za D-4D zina nguvu na hutumia mafuta vizuri, lakini nozo zake hufanya kazi kwa shinikizo kubwa sana na hazivumilii mafuta machafu. Kuzibadilisha zote nne ni gharama inayoweza kula faida ya miezi.

Mafuta yenyewe yana historia yake nchini. Kwa miaka mingi dizeli ilichanganywa na mafuta ya taa, yaliyokuwa na kodi ndogo. Mwaka 2010 EWURA ilianza utaratibu wa kuweka vinasaba kwenye mafuta ili kuwabaini wachakachuaji, na mwaka uliofuata kodi ya mafuta ya taa ilipandishwa ili kuondoa faida ya mchezo huo. Mafuta ya taa hayalainishi pampu na nozo kama dizeli. Gari lililokunywa mafuta mabaya, au yaliyouzwa kwenye madumu kando ya barabara, linaweza kuwa na kilomita za kweli na pampu iliyokufa.

Ndiyo maana kipimo cha mwisho ni injini yenyewe, na kipimwe asubuhi. Mwambie muuzaji asiwashe gari kabla hujafika, kisha gusa injini. Ikiwa ya moto, kuna kitu hakutaka ukione. Dizeli nzima huwaka bila kuhangaika hata kukiwa na baridi kidogo. Moshi mweupe wenye harufu ya mafuta unaotoka muda mrefu baada ya kuwaka unaelekeza kwenye hita plagi, nozo au mgandamizo mdogo. Moshi mweupe usiokoma, pamoja na maji yanayopungua kwenye rejeta, unaelekeza kwenye gasketi ya silinda hedi. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Moshi mweusi mzito ni mafuta mengi kuliko hewa: chujio, nozo au tabo.

Injini ikiwa inaunguruma taratibu, fungua kifuniko cha kujazia oili. Mvuke kidogo ni wa kawaida. Kama inapuliza kwa nguvu kama treni, ringi zimechoka, na unaongelea ovahoo. Kisha panda nalo mlima ukiwa umelipakia. Ukanda huu hauna uhaba wa milima. Gari linalochemsha wakati wa kupanda litachemsha kila siku ukishalinunua. Kwa D-4D, mlipe fundi mwenye kompyuta asome viwango vya marekebisho ya kila nozo. Na fundi huyo awe wako, asiwe rafiki wa dalali.

Sheria inamlinda nani?

Mnunuzi aliyedanganywa hajaachwa bila sheria, ila njia ni nyembamba. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inampa aliyeingia mkataba kwa udanganyifu au kwa maelezo yasiyo ya kweli haki ya kuubatilisha. Lakini sheria hiyohiyo ina tahadhari: pale ambapo kosa ni maelezo yasiyo ya kweli au kunyamaza kwa hila, na aliyedanganywa alikuwa na njia ya kuugundua ukweli kwa umakini wa kawaida, haki hiyo inaweza kumponyoka. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inamtaka mfanyabiashara auze bidhaa yenye ubora unaokubalika, lakini kama mnunuzi ameikagua, hawezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi huo ungepaswa kuionyesha. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani, FCC, inakataza mfanyabiashara kupotosha walaji. Mtu binafsi anayeuza gari lake moja yuko mbali zaidi na mikono hiyo.

Kinachowaangusha wengi ni mkataba. Mikataba mingi ya mauziano ya magari ni ya ukurasa mmoja, na ndani yake kuna sentensi inayosema mnunuzi amelikagua gari na kuridhika nalo kama lilivyo. Kilomita hazitajwi popote. Siku ya mgogoro muuzaji atasema hakuahidi chochote. Mita ilisoma ilivyosoma, na mnunuzi aliona kwa macho yake.

Wengine walivyofanya

Tatizo hili si la nchi maskini. Marekani ilitunga sheria ya kitaifa dhidi ya kuchezea odometa mwaka 1972, na bado wakala wake wa usalama barabarani unakadiria kwamba zaidi ya magari 450,000 huuzwa kila mwaka yakiwa na kilomita za uongo. Ujerumani imelifanya kosa la jinai tangu 2005. Makadirio yaliyotumiwa na Bunge la Ulaya mwaka 2018 yalionyesha kuwa katika mauzo ya ndani ya nchi, magari yaliyochezewa ni kati ya asilimia 5 na 12, lakini yanapouzwa kuvuka mpaka huwa kati ya asilimia 30 na 50. Sababu inaeleweka kirahisi: gari likivuka mpaka, kumbukumbu zake hubaki nyuma.

Ubelgiji ndiyo iliyotoa somo lenye manufaa zaidi. Tangu Desemba 2006, anayeuza gari lililotumika huko lazima ampe mnunuzi hati inayoitwa Car-Pass, yenye orodha ya kilomita zilizosomeka kwa tarehe tofauti. Gereji, vituo vya ukaguzi na wauzaji wa matairi hutakiwa kuandikisha kilomita kila gari linapopita mikononi mwao. Udanganyifu katika mauzo ya ndani ulipungua sana, na kilichoupunguza si ukubwa wa adhabu. Namba iliyoandikwa mara kumi mahali kumi haina wa kuibadilisha peke yake.

Soko letu linabeba mzigo wa mpaka kuliko mengine. Ripoti ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa ya mwaka 2020 ilionyesha kuwa kati ya 2015 na 2018 magari madogo milioni 14 yaliyotumika yaliuzwa nje duniani, na takriban asilimia 40 yalikuja Afrika.

Daftari ambalo tayari lina kurasa

Tanzania haihitaji kujenga ofisi mpya ya kilomita. Gari la biashara hapa hupita mbele ya mamlaka mara kadhaa kwa mwaka: kwenye ukaguzi wa polisi wa usalama barabarani, kwenye leseni ya LATRA, kwenye bima ambayo stika yake sasa huhakikiwa kwa mfumo wa kielektroniki wa TIRA, na kwenye TRA linapobadilisha mmiliki. Mabasi ya masafa marefu tayari hufuatiliwa mwendo wake kwa mfumo wa VTS. Kuongeza kisanduku kimoja cha kilomita kwenye fomu zilizopo, na kumruhusu mnunuzi kuona orodha hiyo kwa namba ya gari, ni kazi ndogo kuliko nyingi zilizokwisha kufanyika.

Zipo pingamizi za kweli. Afisa anaweza kuandika namba anayoambiwa bila kuangalia gari. Rekodi ikianza leo haitasema lolote kuhusu miaka iliyopita. Na wapo watakaoona ni usumbufu mwingine wenye gharama. Lakini hata rekodi yenye mapungufu humbana mdanganyifu, kwa sababu uongo wa mwaka huu lazima ulingane na wa mwaka jana.

Atakayenufaika si mnunuzi peke yake. Mwaka 1970 mchumi wa Marekani George Akerlof alieleza, kwa mfano wa magari yaliyotumika, jinsi soko linavyoharibika mnunuzi anapokosa njia ya kutofautisha zuri na bovu: hutoa bei ya wasiwasi kwa yote, na mwenye gari zuri hujitoa sokoni. Jambo hilo lipo hapa. Mwenye Hiace aliyebadilisha oili kwa wakati na anayesema ukweli kwamba imetembea kilomita 320,000 hushindwa bei na jirani yake aliyerudisha mita hadi 140,000. Kadiri tunavyoendelea kulipia namba ndogo, ndivyo tunavyowalipa watu wa kuitengeneza.

Mpaka kisanduku hicho kitakapokuwepo, mambo matatu yako mikononi mwa mnunuzi. Kwanza, adai kilomita ziandikwe ndani ya mkataba, pamoja na sentensi kwamba muuzaji anathibitisha kuwa ni za kweli, au anakiri kwamba hazijulikani. Muuzaji atakayegoma kuandika namba aliyokuwa akiitaja kwa sauti amekurahisishia uamuzi. Pili, pale ambapo ushahidi haukubaliani na mita, bei ipangwe kwa hali ya injini na kwa gharama ya mkanda, nozo na matairi vitakavyohitajika, kana kwamba mita haipo. Tatu, akishalinunua, aanze daftari: tarehe, kilomita, oili, kipuri, jina la gereji, na risiti zikae humo humo.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Kwa Hiace ya Masuguru, hesabu ya kila jioni anayoleta dereva huandikwa na mwenye gari bila kukosa. Safu moja zaidi kwenye ukurasa uleule, ya kilomita, ingetosha kumwambia lini abadilishe oili. Na siku akiamua kuuza, ingempa mnunuzi kitu cha kusoma zaidi ya taa za dashibodi.